Nyayo Nane kwa Tisa

Mwanamke ninayetaka kumweleza hapa hakuwahi kumiliki futi kamba. Alikuwa na miguu yake, na aliona inatosha. Mguu wake mmoja, kuanzia kisigino mpaka ncha ya dole gumba, ndio uliokuwa kipimo halali cha nyumba nzima kule Lizaboni, Songea: vyumba saba vilivyopangana kama mabehewa, ua wa udongo mwekundu, choo cha nje na bomba moja la maji lenye kufuli.

Mtu akija kuulizia chumba, hakuonyeshwa kwanza dirisha wala dari. Mama Mwenye Nyumba alivua kandambili, akabandika kisigino ukutani, akaanza kutembea mguu ukigusa mguu, huku anahesabu kwa sauti kama anayesali rozari. Akifika ukuta wa pili anaupiga kofi. "Kumi na mbili. Sasa huku." Anageuka, anaanza tena. "Kumi na mbili. Umeona mwenyewe. Ukija kesho kulalamika kuwa kitanda hakiingii, ugomvi wako ni na kitanda."

Jina lake nalijua. Siliandiki kwa kuwa hajaniruhusu, na uso wa kwenda kumwomba ruhusa sina. Wapangaji wote tulimwita Mama Mwenye Nyumba, mbele yake na nyuma yake, na hapa ataitwa hivyo hivyo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa chumvi. Wanaonijua wanajua. Nikisimulia kwamba nilikimbizwa na mbwa watatu, tafuta mbwa mmoja, tena huenda alikuwa amefungwa. Ndivyo nilivyoumbwa, na kwa miaka mingi niliona ni kipaji tu cha kuwafurahisha watu. Kwa hiyo habari hii nimeiandika mara nne na kuichana mara nne (hizo nne ni nne kweli), maana kila nikifika mahali penye aibu, mkono ulianza kutafuta kichekesho.

Turudi kwenye miguu. Aliwahi kuja fundi wa kuongeza chumba cha nane, kijana mwenye futi kamba ya chuma inayojirudisha yenyewe. Akapima, akasema futi kumi na moja. Mama akapima kwa nyayo, akasema hapana, ukuta wako umepungua. Wakabishana mpaka majirani wakatoka na vigoda. Mwisho fundi akaiangalia vizuri ile futi yake, akakuta kipande cha mwanzo kilishakatika zamani. Mimi nikiwasimulia watu husema fundi yule aliangua kilio akakimbilia Msumbiji. Kwa kweli alijikuna kichwa tu, akaomba togwa.

Togwa ndiyo ilikuwa kazi ya Mama. Aliipika kwenye pipa lililokatwa nusu, juu ya mafiga matatu, kwa kuni za mkaratusi ambazo hazijawahi kukauka vizuri tangu dunia iumbwe. Kila siku isipokuwa Jumapili. Moshi wa mafiga yale ulikuwa mpangaji asiyehama: uliingia vyumba vyote bila hodi, ulikaa kwenye blanketi, kwenye madaftari, kwenye mkate. Nilipokuwa nakwenda masomo ya jioni wenzangu walinijua nimefika kabla sijaingia. Lakini togwa yenyewe! Ilikuwa nzito, tamu, ya kimea. Maiti angeinywa angeomba kikombe cha pili.

Kwa maji alikuwa mkali kupita kiasi. Ufunguo wa bomba ulikaa shingoni pamoja na msalaba, na ukizidisha ndoo aliweza kukunyamazia siku mbili. Lakini mtu yeyote anayepita njiani na jua lake kichwani, hata mlevi, akisimama pale getini na kusema "Mama, kiu," alipewa togwa kikombe kizima, ya kuuzwa. Nilimuuliza mara moja hesabu hiyo inakwendaje. Akasema, "Maji ni ya kupangiwa. Kiu haipangiwi." Nikaiandika kwenye daftari la Uraia.

Alikuwa na mambo mengine hivyo hivyo, yasiyokaa pamoja. Hakutaka mtu aingie ndani na viatu, lakini kuku wake walipanda mpaka kwenye kabati la vyombo na hakuna aliyeruhusiwa kusema kitu. Kwenye jumuiya, ile mikutano ya sala ya majirani inayozunguka nyumba kwa nyumba, alikuwa anaomba kwa sauti ya unyenyekevu mpaka unadhani anayeyuka, kisha "Amina" ikitoka tu anamgeukia mtu: "Wewe, hilo benchi umelirudisha?" Shule aliishia darasa la nne. "Ila la nne la zamani," alikuwa anasema, kana kwamba la nne la zamani lilikuwa na maabara.

Sasa nisimulie nilivyoingia pale.

Nilitoka kijijini nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha darasa la saba. Mchana nilibeba mizigo kwenye maduka ya Majengo, jioni nilisoma kidato cha kwanza nikiwa nimekaa dawati moja na mama wa watoto watano. Chumba kizima sikukiweza. Nilikwenda kwa Mama Mwenye Nyumba kuuliza kama kuna mpangaji anayetafuta wa kuchangia naye. Akanitazama kuanzia ndevu hadi soli. Akaniuliza, "Unasoma nini?"

"Hisabati, Mama. Na mengineyo, karibu yote."

"Karibu yote," akarudia. Akaingia chumbani kwake mwenyewe, akavua kandambili, akapima nyayo sita kutoka ukutani, akachora mstari sakafuni kwa chaki. Siku ya pili nilikuta amening'iniza pazia juu ya ule mstari, kutoka ukuta hadi ukuta: la kijani, zito, lenye maua ya njano. Upande wa dirisha ulikuwa wangu. Upande wa giza, wenye mlango, wake.

Nikasema, "Mama, dirisha ungekaa nalo wewe."

"Mimi nasoma nini?" akanijibu. Halafu akaligonga lile pazia kwa mgongo wa mkono kama anagonga ukuta. "Chumba hakiwi kidogo, Msomi. Kinakosa pazia tu."

Tangu hapo jina langu likawa Msomi. Nilikaa nyuma ya pazia lile miaka mitano. Nilijifunza humo kila nilichofundishwa, kwa sauti, maana kichwa changu hakishiki kitu kisichosemwa. Na yeye upande wa pili alikuwa anasikiliza. Siku moja akaniuliza katikati ya somo, "Huyo haipotenusi unayemtafuta kila siku ni mtu wa wapi? Hana ndugu?" Nilicheka mpaka nikaangusha kibatari. Hapo ndipo nilipomfafanulia, na yeye akatoka uani, akachora pembetatu kwenye udongo, akaipima kwa nyayo: tatu, nne, akatembea ule upande mrefu, akapata tano. Akaja akasimama mlangoni, macho yamemtoka. "Kumbe ni kweli," alisema. Nadhani hiyo ndiyo siku aliyoamua kwamba mimi sipotezi muda.

Kuna kanuni yake moja lazima niiweke hapa, maana yote yaliyonipata yamo ndani yake.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilirudi kutoka mjini nikikimbia. Nikaingia uani nikipiga kelele. "Mama! Nimepasua! Mkoa mzima wanaulizana ni nani huyu! Mwalimu mkuu ameshindwa kusema, analia tu!"

Alikuwa anakoroga pipa. Hakugeuka. "Nagawanya kwa kumi," alisema. "Umepita?"

"Nimepita, Mama."

"Basi hiyo inatosha." Na hapo ndipo akauacha mwiko, akanikumbatia na masizi yake yote.

Alikuwa na tabia hiyo ya kuyagawanya maneno yangu kwa kumi, na kila mtu pale uani alishaizoea. Lakini mwaka huo huo mvua iliingia kwa mpangaji wa chumba cha tatu, mwanamke wa Kimatengo aliyekuwa analeta maharage kutoka Mbinga na kuyauza. Tulimwita Mama Maharage. Akatoka analia kuwa magunia yote yamelowa, yote, amekwisha. Mama Mwenye Nyumba hakuuliza ni mangapi. Alitoa kitanda chake nje, akatandaza maharage upande wake wote wa pazia, na yeye akalala jikoni siku tatu. Baadaye tukagundua magunia yaliyolowa yalikuwa mawili. Nikamchokoza, "Mama, mbona huyu hukumgawanyia?"

Akanijibu bila kucheka. "Mtu akijisifu, gawanya kwa kumi. Mtu akisema ana shida, usigawanye kitu. Ukimgawanyia halafu ikawa kweli, utamtazama na uso gani?"

Hiyo sikuiandika kwenye daftari. Laiti ningeiandika.

Baada ya cheti nilipata kazi kwenye ghala la kampuni ya mahindi. Nikawaambia watu mimi ni meneja. Nilikuwa nahesabu magunia. Lakini mshahara ulikuwa wa kueleweka, nikapanda cheo mara moja, kisha ya pili, nikanunua shati la mikono mirefu la kila siku ya wiki. Nikahama.

Nilihamia ule mtaa wa juu ambao watu wa Lizaboni hawautaji kwa jina. Husema tu "kwa Wakubwa". Kuna miti iliyopandwa kwa mstari, geti jeusi, mlinzi mwenye redio ndogo, majirani wanaosalimiana kwa nyusi. Dalali aliyenipeleka alikuwa kijana mchangamfu anayetafuna karanga. Alinionyesha nyumba mbili kwenye jengo moja, ya vyumba viwili vya kulala na ya kimoja, na kodi hazikupishana sana.

"Kaka, nikushauri kama ndugu," akasema. "Chukua hii ya kimoja. Ukichukua viwili, kile cha pili hukukodi wewe. Umemkodia shangazi. Umemkodia mjomba anayekuja hospitali, na mtoto wa mjomba anayetafuta kazi. Lakini ya kimoja? Unawaambia tu, jamani, ni chumba kimoja. Hakuna wa kukulaumu."

Nilicheka sana. Nikamwambia, "Wewe ungekuwa mbunge." Kisha nikasaini ya kimoja. Nimejiuliza mara nyingi kama ningesaini ya kimoja hata bila maneno yale, na jibu ni ndiyo. Dalali alinisomea tu kilichokuwa moyoni mwangu.

Na wala isidhaniwe ilikuwa ndogo. Chumba cha kulala kilikuwa cha kawaida, lakini sebule! Vigae vyeupe, dirisha la kioo toka chini mpaka juu upande wa milima ya Matogoro, jiko la gesi kwenye kona yake. Ungefungia harusi ya watu mia mbili mle. Gawanya kwa kumi: ishirini wangekaa bila kugusana mabega. Nilinunua kochi la kona, zulia la manyoya, na televisheni. Jioni ya kwanza nilivua viatu nikalala katikati ya sakafu, mikono na miguu nimeitawanya, na sikugusa kitu. Nilijisikia nimefika.

Jumapili baada ya misa nilipita Lizaboni kusalimia, si kila Jumapili. Nyumba yangu sikuwaeleza sana. Niliwaambia ilipo, geti jeusi, ghorofa ya kwanza, basi.

Halafu ikaja ile Jumapili ya kiangazi, upepo unachota udongo mwekundu na kuumwaga kwenye kila kikombe. Mama alikuwa anachekecha unga wa kimea. Mama Maharage yuko pembeni na ungo wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Msomi. Kaa. Hapana, kaa upande huu, upande ule sikuoni."

Jicho lake la kushoto lilikuwa limezimika siku nyingi, tangu kabla sijamjua; aliona nalo mwanga na kivuli tu. La kulia ndilo lililokuwa jicho, na sasa nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu.

"Daktari wa macho kasema hili linafaa kutolewa ukungu," akasema. "Kazi ndogo, ndani ya asubuhi moja. Ila baada ya hapo, wiki mbili nisikae na moshi, nisikae na vumbi." Akazungusha uso kwenye ua wake wote, mafiga, udongo, kuku, akacheka. "Nikamwambia, daktari, hapo si umenihamisha Lizaboni?"

Tukacheka wote watatu.

Akachekecha kidogo. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Kwako huko mnapikia gesi, eti?"

Mtu mzima wa kwetu haombi zaidi ya hapo. Anaweka neno mbele yako kama anaweka kigoda, ukae mwenyewe. Nilielewa mara moja. Nilimwona kwenye kochi langu na kitambaa chake kichwani kinachonuka mkaratusi. Nilimwona amevua kandambili mbele ya mlinzi, anapima ngazi kwa nyayo. Niliwaona wenzangu wa kazini waliozoea kuja Jumamosi kuangalia mpira, wananiuliza, huyu ni nani. Wiki mbili. Yote hayo yalipita kwa muda wa kumeza funda moja la togwa. Na ulimi wangu, ambao hakuna aliyewahi kuupa kazi ukakataa, ukaanza.

"Gesi ndiyo, Mama. Lakini pale pamebana, we acha! Kwa Wakubwa ni jina tu. Nikinyoosha miguu kitandani, vidole vinampigia jirani hodi. Nikichemsha chai, mvuke unanikalia mapajani. Panya akiingia anatoka kinyumenyume, hana pa kugeuzia."

Mama Maharage alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mama Mwenye Nyumba hakucheka. Mkono wake ulisimama juu ya chekecheke.

"Ni nyayo ngapi?" akauliza.

Hapo palikuwa na mlango. Ningeweza kusema, Mama, natania tu, utakuja lini? Badala yake nilichukua kipimo chake mwenyewe, kile nilichokiona kikimshinda fundi na futi yake, nikaapa nacho.

"Nane kwa tisa, Mama."

"Nane kwa tisa," alisema polepole. "Na urefu wako huo." Akanyoosha mkono akanishika goti. "Pole, mwanangu. Mbona hukusema?"

Nilingoja agawanye. Nakwambia kweli, nilikaa pale na kikombe mkononi nikingoja aseme, nagawanya kwa kumi, nitafute mahali pa kujificha. Hakugawanya. Nilikuwa nimesema nina shida. Nikamaliza togwa yangu nikaaga.

Akafanyiwa ile kazi ya jicho, akarudi nyumbani kwake. Wapangaji walihamishia pipa nyuma ya choo. Walimwagia ua maji asubuhi na jioni kuzuia vumbi. Yeye mwenyewe aliuvua ule ufunguo shingoni akawapa. Haya nilisimuliwa. Sikuwepo, nilikuwa na kazi. Lakini upepo wa msimu ule haukuwa na bwana. Siku ya kumi jicho likavimba, likaanza kutoa maji. Akarudishwa hospitali, akapewa dawa za matone, akarudishwa tena. Mwisho likabaki kama lile la kushoto: mwanga na kivuli.

Hakuna aliyeniambia ni vumbi. Hakuna aliyeniambia si vumbi.

Aliyeniletea habari ni Mama Maharage. Alinifuata ghalani, siyo nyumbani, na kiroba cha unga wa sembe begani. Akakitua miguuni pangu.

"Mama kakuletea. Kasema mtu aliyebanwa hapiki vizuri. Na wiki iliyopita jumuiya ilikuwa kwetu, amekuombea. Tumekuombea sote, upate nafasi."

Katika mkoa mzima wa Ruvuma, nadhani mimi ndiye mtu pekee aliyepigiwa magoti ili apate nafasi akiwa nayo. Ningemsimulia mtu mwingine ningecheka. Nilisimama pale kati ya magunia nikasema, "Mwambie ahsante sana." Kisha nikauliza, "Na macho?" Ndipo akaniambia.

Ule unga niliula. Ugali wake ulikuwa mtamu, na hapo sitii chumvi.

Nilipaswa kwenda kumwona siku hiyo hiyo. Sikwenda. Ulikuwa msimu wa kununua mahindi, na msimu wa mahindi Songea ni kisingizio kizuri kuliko ugonjwa. Nilimpigia simu mara mbili. "Mama, kazi." "Kazi ni baraka, mwanangu. Umekula?" Nikawa napita njia ndefu kwenda Majengo ili nisione paa la nyumba yake. Miezi mitatu ikaisha hivyo.

Basi ikawa Jumamosi moja asubuhi, mvua za kwanza zimeshaanza. Mlinzi akanipigia simu kutoka getini. "Kaka, una wageni huku chini. Bibi mmoja haoni vizuri, na mwenzake. Niwaambie upo?"

Nilikaa kimya. Sitasema kimya kilikuwa cha dakika kumi. Zilikuwa sekunde labda tano, lakini mlinzi alizisikia zote. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, wananyeshewa."

Nikashuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Msomi! Sauti imenenepa." Alikuwa amekonda. Alishika mkono wangu, akapanda ngazi akizihesabu, akafika juu akatangaza, "Kumi na sita," kwa furaha. Nyuma yake Mama Maharage alibeba mfuko wa rambo.

Mlangoni Mama alivua kandambili. Mama Maharage akaingia kwanza. Akaona kochi la kona. Akaona zulia, televisheni, kile kioo chenye Matogoro nzima ndani yake. Akageuka, akanitazama mimi. Nimewahi kutukanwa na watu wenye vipaji vya kutukana, pale Majengo, nikiwa na gunia kichwani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifikia kama yule mama kwa kunitazama tu.

Na nifanye nini mimi? Nikamshika Mama kiwiko, nikamvutia kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na mlango. Nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Kaa hapa hapa, Mama. Si unajua pamebana."

"Najua, baba, najua. Ngoja kwanza nikupe kilichonileta." Akapapasa mfuko kwa Mama Maharage, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Kijani, maua ya njano yaliyofifia. "Unalikumbuka? Lilikuwa la nyayo kumi na mbili. Nimelikata likutoshe, nane. Upindo nimeshona mwenyewe kwa kupapasa, ukiona limepinda usinicheke." Akalipitisha kwenye vidole vyake. "Siku ile uliumia sana kukosa nafasi ya kunipa. Ukajifanya unachekesha, lakini nilikuona. Nikasema, huyu mtoto chumba chake si kidogo, kinakosa pazia tu. Sasa siku mgeni akikujia, usiumie tena."

Nikautazama ule upindo. Ulikuwa umepinda.

"Misumari tupige wapi?" akauliza. "Ngoja nipime."

"Mama, usijisumbue. Nitapima mimi, baadaye."

"Wewe upime na nini?" Alilitupia pazia begani. Akarudi nyuma mpaka kisigino kikagusa ukuta. "Sakafu yako baridi," akasema, akaanza.

"Moja. Mbili. Tatu."

Mvua ilikuwa inapiga kioo. Mama Maharage alikuwa amejishika mdomo.

"Sita. Saba. Nane." Akanyoosha mkono kuupiga ukuta kofi, kama alivyofanya maisha yake yote. Mkono ukapita hewani, ukabaki hapo. Akageuza kichwa kidogo. "Nimekwenda upande?"

"Hukwenda upande, Mama," Mama Maharage alisema taratibu. "Umenyooka."

Akaurudisha mkono. "Tisa," akasema. "Kumi."

"Mama," nikaanza, "Mama, mimi..."

"Nyamaza, nitapotea hesabu."

Unyayo wa kumi na nne ukaingia kwenye manyoya ya zulia. Alisimama, akalikanyaga mara mbili kuelewa ni kitu gani, akaendelea. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Ilikuwa ile ile ya kumpimia mpangaji mgeni, isiyokuibia wala kukupunja. Kumi na nane. Kumi na tisa. Nilitamani ukuta umfuate. Ishirini na tatu, kiganja chake kikagusa kioo.

Hakukipiga kofi. Alikiacha hapo, bapa, maji ya mvua yakitelemka upande wa pili wa vidole vyake. Kisha akalishusha pazia begani, akautafuta ule upindo, akaufuata kwa kidole gumba, mshono kwa mshono, mpaka ulipokomea.

"Pazia halitafika, mwanangu," alisema.